UZI: Bwawa la majitaka lililojaa tope ni mfereji tu wa kwenda mtoni. Tuweke hesabu mezani

#1 Bwawa_Kwanza

Wakuu, habari za humu.

Mvua zikianza, lawama zote humwendea anayetapisha choo usiku. Anastahili lawama, sikatai. Lakini kuna uchafu mwingine unaoingia mtoni mchana kweupe, kupitia bomba halali, kutoka kwenye mabwawa yaliyojengwa ili kuusafisha. Huo ndio nataka tuujadili, kwa namba.

Miji yetu mingi inategemea mabwawa: Dar es Salaam yako Vingunguti, Kurasini, Mabibo na kwingineko; Mwanza yako Ilemela; Morogoro yako Mafisa; Kisumu yako Nyalenda; Nairobi yako Ruai, ambako maji huingia Mto Nairobi, yakashuka Athi, Galana na Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Mabwawa haya hayataki umeme wala mashine za kupulizia hewa. Jua, mwani na bakteria ndio wafanyakazi. Kwa joto letu ni chaguo zuri kweli, na silitetei kwa sababu ni la bei nafuu tu. Lakini yanauzwa kwa maneno "hayahitaji matengenezo", na maneno hayo ndiyo yanayoyaua.

Chukueni mji wa watu 50,000 waliounganishwa na bomba. Kila mtu anatoa lita 80 za majitaka na gramu 40 za BOD kwa siku (BOD ni oksijeni ambayo bakteria wanaitaka ili kuuvunja huo uchafu). Tunapata mita za ujazo 4,000 na kilo 2,000 za BOD kwa siku, yaani miligramu 500 kwa lita. Joto la mwezi wa baridi zaidi tuseme nyuzi 25.

Bwawa la kwanza ni la anaerobiki: refu kwenda chini, mita 3 hadi 4, halina oksijeni. Kwa nyuzi 25 linabeba gramu 350 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Kwa hiyo ujazo wake ni kama mita 5,700, na maji yanakaa humo siku moja na nusu hivi. Muda mfupi huo unaondoa asilimia 70 ya BOD. Hakuna sehemu nyingine ya mtambo yenye faida kubwa hivyo kwa eneo dogo hivyo.

La pili ni la fakultativu: mita 1.5, chini hakuna oksijeni, juu mwani unaitengeneza. Linapokea kilo 600 zilizobaki. Uwezo wake kwa joto hilo ni kilo 350 kwa hekta kwa siku, basi tunahitaji hekta 1.7, na maji yatakaa siku 6 hivi.

Mwisho ni mabwawa ya kukomaza, kina cha mita 1, siku 3 kila moja. Haya ni ya kuua vimelea. Mawili yakifuata yale ya kwanza, mfululizo mzima unatosha kushusha E. coli (bakteria wa kinyesi) kutoka milioni 50 hadi chini ya 1,000 kwa mililita 100.

Sasa angalieni hapa. Tope linajikusanya kwa kiasi cha mita za ujazo 0.04 kwa mtu kwa mwaka. Watu 50,000 ni mita 2,000 kila mwaka. Kanuni ya kazi ni kulitoa tope linapofika theluthi moja ya bwawa la kwanza. Theluthi ya 5,700 ni 1,900.

Hesabu imefunga: tope litolewe KILA MWAKA. Si kila miaka kumi, wala si hadi mfadhili apatikane. Na kama bajeti ya mamlaka haina mstari wa kutoa tope kila mwaka, basi kuharibika kwa mtambo kumeshapangwa tayari.

Tahadhari kwa wanaonakili michoro: namba hizi ni za nyuzi 25. Mji wenye nyuzi 17 mwezi Julai, kama Nairobi, bwawa la kwanza linaondoa asilimia 54 tu, na la fakultativu linabeba kama kilo 200 kwa hekta. Kwa uchafu uleule, hekta 1.7 zinakuwa 4.6. Mchoro wa pwani haupandi milimani.

#2 Mwanafunzi_Mazingira

Shukrani mkuu kwa mada. Naomba kuuliza: bwawa la fakultativu linapogeuka rangi ya zambarau au waridi, ni kemikali ya kiwandani imeingia? Na harufu ya mayai viza inatoka bwawa lipi hasa?

#3 Bwawa_Kwanza

Swali zuri, na jibu lake linarudi palepale kwenye tope.

Zambarau mara nyingi si rangi ya kiwanda. Ni bakteria wa salfa. Bwawa likizidiwa, mwani unakufa, oksijeni inakwisha hata juu, salfaidi (ndiyo yenye harufu ya mayai viza) inapanda, na bakteria hao wanatawala kwa sababu wao wanatumia mwanga na salfaidi bila kutoa oksijeni. Bwawa la fakultativu lenye afya ni kijani kilichokolea. Likianza kuwa kijivu au waridi, usikimbilie kumtafuta mwenye kiwanda. Kwanza nenda kapime tope bwawa la juu yake.

Rudi kwenye mfano wetu. Tope likichukua theluthi mbili, nafasi ya maji inabaki mita 1,900, na majitaka yanapita kwa saa 11 badala ya saa 34. Baadaye tope lenyewe linaanza kutoka na maji. Bwawa la kwanza likishakufa kabisa, kilo 2,000 zote zinaangukia hekta 1.7: karibu kilo 1,170 kwa hekta, zaidi ya mara tatu ya uwezo. Hakuna mwani utakaostahimili hapo.

Harufu: bwawa la anaerobiki linalofanya kazi vizuri linachemka viputo vya gesi na kuwa na utando juu, na halinuki sana kama lina pH ya 7.5 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya salfaidi inabaki imeyeyuka majini. Linanuka likipewa zaidi ya gramu 400 kwa mita ya ujazo, au maji ya mji yakiwa na salfeti zaidi ya miligramu 500 kwa lita. Dawa ya haraka ni kurudisha kwa pampu maji ya kijani ya fakultativu na kuyamwaga juu ya bwawa la kwanza. Utando usiuondoe kwenye la anaerobiki, unasaidia. Kwenye fakultativu na ya kukomaza uondoe kila siku, kwa sababu unaziba mwanga na kuzaa inzi.

Jambo moja dogo ambalo wajenzi wanalipuuza ni kina cha mdomo wa kutokea maji. Anaerobiki: sentimita 30 chini ya uso. Fakultativu: sentimita 60, chini ya tabaka la mwani. La kukomaza: sentimita 5. Kila mdomo uwe na kizuizi cha utando. Nimetaja hili kwa sababu bomba lililokatwa usawa wa maji kwenye fakultativu linatoa mwani mtupu, kisha maabara inapata lawama.

#4 FundiChemba

Mleta uzi kasema kweli, ila hesabu yake inachukulia kwamba kinachoingia ni majitaka ya bomba. Tuongeze magari ya kunyonya.

Gari la mita za ujazo 10 lililotoka kwenye vyoo vya umma vinavyotumika sana, ambavyo tope lake bado bichi, linaweza kubeba COD (oksijeni inayotakiwa kuuvunja uchafu wote kwa kemikali) ya miligramu 30,000 kwa lita. Hizo ni kilo 300 kwa safari moja. Mtu mmoja anatoa kama gramu 100 za COD kwa siku. Kwa hiyo gari moja ni sawa na kuunganisha watu 3,000 kwa siku hiyo. Magari kumi na saba yakimwaga kwenye bwawa la watu 50,000, umeuongeza mji wa pili. Tope la karo la nyumbani lililokaa miaka ni jepesi zaidi, lakini halijawa maji.

Tatizo la pili ni amonia. Tope bichi la choo lina naitrojeni ya amonia ya maelfu ya miligramu kwa lita, na mwani unaanza kushindwa inapozidi 400 hivi. Ndiyo sababu sehemu ya kupokelea magari lazima iwe tofauti na mlango wa bomba. Mfumo wa Lubigi, Kampala, ulijengwa hivyo: tope la magari linaanzia kwenye matangi ya kutuamisha, tope zito linakwenda kwenye vitanda vya kukausha, na maji tu ndiyo yanaingia mabwawani.

Kitanda cha kukausha si uwanja wa mchanga tu. Chini kabisa kokoto za milimita 20 hadi 40, unene wa sentimita 20, zikiwa zimefunika bomba lenye matundu. Juu yake changarawe ya milimita 5 hadi 15, sentimita 10. Juu kabisa mchanga uliooshwa, sentimita 20. Mwaga tope sentimita 20 hadi 30, si zaidi. Ukipitisha hapo, juu linapasuka kama ardhi ya kiangazi na chini bado uji. Na tope bichi la vyoo vya umma halikauki peke yake hata uombe; changanya na la karo, gari moja kwa mawili.

Chujio la nondo na mfereji wa mchanga nao wasisahauliwe. Nafasi kati ya nondo iwe milimita 15 hadi 25, zisafishwe kwa reki kila siku, takataka zifukiwe siku hiyohiyo. Mfereji wa mchanga uwe na mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde: ukipungua, kinyesi kinatuama pamoja na mchanga; ukizidi, mchanga unapita na kulala bwawani, na huo hauozi kamwe. Huku kwetu mchanga ni mwingi kwa sababu mifuniko ya chemba imeibwa, na watu wanafungua chemba mvua ikinyesha ili uani pakauke. Wanaona wameondoa maji. Wameingiza mto mzima kwenye bomba, na chemba ya jirani wa bondeni ndiyo inayofurika.

Halafu machinjio. Damu ina BOD ya zaidi ya gramu 150 kwa lita. Lita 10 za ng'ombe mmoja ni kilo 1.5, sawa na watu karibu 40. Machinjio ya ng'ombe 200 kwa siku yasiyokinga damu ni watu 7,500 juu ya mtambo wako, bila kuhesabu samadi ya tumboni. Damu ikingwe kwenye ndoo, ikaushwe, iuzwe kwa watengeneza chakula cha mifugo. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote zilizotajwa kwenye uzi huu.

#5 SampuliAlfajiri

Naongezea upande wa maabara, maana watu wengi wanabishana kwa vipimo visivyolingana.

Tanzania, kanuni za mwaka 2007 zinataka maji yanayotoka yawe na BOD isiyozidi 30, COD 60 na chembe zinazoelea majini 100, zote miligramu kwa lita. Kenya, kanuni za mwaka 2006 ziliweka 30, 50 na 30, na E. coli sifuri. Mabwawa yaliyo mazima kabisa yanaweza kushindwa namba hizi, na sababu inabidi ieleweke: BOD ya maji ya bwawa, sehemu kubwa, asilimia 70 hadi 90, ni mwani wenyewe. Si kinyesi. Ulaya waliliona hilo. Agizo lao la mwaka 1991 linaruhusu sampuli ya mabwawa ichujwe kabla ya kupima BOD, na chembe ziruhusiwe hadi 150.

Sisemi tulegeze. Nasema pima zote mbili, iliyochujwa na isiyochujwa, uandike zote. Tofauti ikiwa kubwa, shida yako ni mwani, tafuta kichujio cha mawe au kitalu cha matete mwishoni. Zote mbili zikiwa juu na zimekaribiana, mtambo umezidiwa, na matete hayatakusaidia, yatazibwa na tope.

Saa ya kuchukua sampuli nayo ina maana. Bwawa la kukomaza saa 8 mchana linaweza kuwa na pH zaidi ya 9.4, na hiyo ndiyo inayoua E. coli pamoja na jua. Maji hayohayo alfajiri ni mengine kabisa. Mkaguzi wa mchana ataandika pH imevunja kikomo cha 8.5 ilhali E. coli ni chache. Wa alfajiri ataandika kinyume. Chukua kila saa kwa saa 24, uchanganye kwa uwiano wa mtiririko. Weka kwenye barafu. E. coli ichukuliwe sampuli yake peke yake na ipimwe ndani ya saa 6, BOD siku hiyohiyo ikiwezekana.

Na mtiririko, jamani. Mitambo mingi inatoa ripoti ya miligramu kwa lita bila kujua ni lita ngapi. Bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90 linatosha. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini kwa umbali wa mara nne ya kimo hicho kabla ya bamba, maana ukipima palepale maji yameshainama. Kimo cha sentimita 20 ni lita 25 kwa sekunde. Sentimita 25 ni lita 43. Kosa la kidole kimoja linakupoteza sana.

Kipimo kimoja cha bei ndogo kinachotoa onyo mapema ni klorofili (rangi ya kijani ya mwani) ya fakultativu. Bwawa lenye afya lina mikrogramu 500 hadi 2,000 kwa lita. Ikishuka chini ya 300, una wiki kadhaa za kuchukua hatua kabla rangi haijageuka.

#6 Bondeni_Kwetu

Wakuu mnaongea sana juu ya kinachotoka bombani. Mimi nataka mtazame mto unaokipokea.

Namba hizi za BOD na chembe zina ukoo wake. Tume ya Kifalme ya Uingereza mwaka 1912 ilipendekeza BOD 20 na chembe 30, kwa masharti kwamba mto uwe na maji safi angalau mara nane ya majitaka yanayoingia. Dunia ikarithi namba, ikaacha sharti.

Tuchukue mtambo wa mleta uzi: mita 4,000 kwa siku ni lita 46 kwa sekunde. Mto wa lita 200 kwa sekunde wenye BOD ya 3 ukipokea maji hayo ya BOD 30, unakuwa na 8. Kiangazi mto unabaki na lita 50: BOD inafika 16, na hapo mtambo haujavunja sheria hata kidogo. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari yanashika oksijeni ya miligramu 8.3 tu kwa lita. Kisumu au Mwanza, zilizo zaidi ya mita 1,100 juu, ni kama 7.2. Akiba ni ndogo. Samaki wanakufa alfajiri kwa sababu usiku mwani hauna mwanga wa kuijaza.

Kwa hiyo kibali cha kumwaga kitazame mtiririko wa mwezi wa ukame. Na kwa mito kama Msimbazi wa Dar es Salaam ambayo kiangazi inabaki kijito, sioni haki ya kumwaga hata maji yaliyofuzu kabla ya mabwawa ya kukomaza kufanya kazi yake, kwa sababu bondeni kuna watu wanamwagilia mchicha. Shirika la Afya Duniani linataka yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita ya maji ya kumwagilia. Mayai ya minyoo hayauawi na klorini. Yanaondoka kwa kutuama tu, yaani kwa siku ambazo maji yanakaa bwawani. Tope likila siku hizo, mayai yanakwenda shambani.

#7 Ghuba_Ndani

Huo ni mto. Ziwa ni kesi ngumu zaidi, na BOD inatudanganya.

Mabwawa yanaondoa nusu ya fosforasi, yakijitahidi. Mtambo wa mita 4,000 wenye fosforasi ya miligramu 10 kwa lita unapokea kilo 40 kwa siku na kutoa 20. Kilo moja ya fosforasi inatosha kujenga kama kilo 115 za mwani mkavu. Basi kilo 20 ni mwani tani 2.3 kila siku, ikiwa yote itatumika mara moja tu. Mwani huo ukifa na kuoza unakula oksijeni kama kilo 2,850. Linganisheni: BOD ya 30 katika mita 4,000 ni kilo 120. Mtambo uliopata alama zote kwenye BOD bado unapeleka ziwani mzigo wa oksijeni zaidi ya mara 20 ya ule unaoripotiwa.

Na huku ziwani tunakunywa palepale. Kampala inamwaga kupitia mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya ndani ya Murchison, na chanzo cha maji cha Ggaba kiko kwenye ghuba hiyohiyo. Kisumu ina Dunga, Mwanza ina Capri Point. Ardhioevu ya Nakivubo ndiyo ilikuwa kichujio cha mwisho, lakini mafunjo yakafyekwa kwa ajili ya magimbi na maji yakachimbiwa njia. Ardhioevu inasafisha maji yakitambaa juu yake yote kwa upana. Yakipita kwenye mtaro mmoja, mafunjo ya pembeni ni pambo.

Najua fosforasi nyingi ya Ziwa Viktoria inatoka kwenye mmomonyoko, vumbi na mvua. Katikati ya ziwa hilo ni kweli. Ndani ya ghuba iliyofungwa, maji hayabadilishani haraka, na bomba la mji ndilo linaloamua. Gugumaji lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 linajazana Winam, ghuba ya Kisumu, kwa sababu huko kuna chakula. Kulivuna bila kupunguza chakula ni kufyeka majani mvua ikinyesha.

Njia zipo. Kloridi ya feri: kilo 2.5 za chuma kwa kilo ya fosforasi, yaani kwa kilo 20 unahitaji karibu kilo 145 za kloridi ya feri kavu kwa siku, na tope linaongezeka, kwa hiyo asiyeweza kutoa tope la sasa asianze. Njia ya pili ni kuyatoa maji ghubani kabisa, yamwagilie miti na malisho. Seattle waliyatoa majitaka kwenye Ziwa Washington, ila wao waliyapeleka baharini: kati ya 1963 na 1968 majitaka yote yaliondolewa ziwani, na maji yakang'aa tena ndani ya miaka michache. Lakini lile ni ziwa dogo, maji yake yanabadilika haraka. Viktoria lina mlango mmoja tu, Jinja, na maji mengi yanaondoka kwa mvuke yakiacha virutubisho nyuma. Kinachoingia kinakaa.

#8 DiwaniKata

Nimesoma yote mwanzo hadi mwisho. Nifafanulieni jambo moja ili nilipeleke kwenye kikao: kutoa tope kunafanywaje hasa, kunachukua muda gani, na tukiambiwa "bwawa bado halijajaa" tunathibitishaje?

#9 Bwawa_Kwanza

Mheshimiwa, asante kwa kuuliza. Naanza na kuthibitisha.

Chukua mti mnyoofu mrefu kuliko kina cha bwawa. Zungushia taulo jeupe kuanzia chini hadi juu ya usawa unaotegemea tope lifike, ulifunge kwa kamba kila baada ya nusu mita. Ingia kwa boti, watu wawili, makoti ya kuokolea yamevaliwa. Shusha mti wima, polepole, hadi uguse sakafu. Hesabu hadi kumi. Upandishe polepole vilevile. Chembe za tope zinanasa kwenye nyuzi za taulo, na utaona mstari: chini jeusi tii linalometameta, juu kijivu hafifu cha maji tu. Pima kwa futi urefu wa sehemu nyeusi, andika, suuza taulo, songa mita 5, rudia. Ukifunika bwawa zima kwa miraba ya mita 5, unapata wastani na pia ramani. Karibu na mlango wa kuingilia tope huwa juu zaidi. Anayesema halijajaa aonyeshe karatasi hiyo. Kazi ni ya asubuhi moja.

Kutoa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulikausha: unafunga mlango, maji yanahamishiwa bwawa pacha, tope linaachwa jua la kiangazi miezi miwili au mitatu, kisha linazolewa. Ndiyo sababu mabwawa ya anaerobiki yasijengwe moja. Yawe mawili, vizuri matatu. Ekskaveta ikae juu ya tuta au kwenye sakafu ya zege, kwani meno yake yakichana udongo wa mfinyanzi wa chini, bwawa litavuja kwenye visima vya jirani na hutaliona tatizo kwa macho.

Ya pili ni pampu ya matope juu ya chelezo, bwawa likiendelea kufanya kazi. Ni ya haraka, lakini tope linatoka na maji mengi na lazima vitanda viwe tayari. Mita 1,900 za tope lenye yabisi asilimia 10 ni tani 190 kavu. Kitanda kinabeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba kwa mwaka, hivyo unahitaji mita za mraba karibu 1,270. Likishakauka hadi asilimia 40 linabaki tani 475, safari 48 za lori la tani 10. Hizo ndizo namba za kuomba bajeti: vitanda, dizeli, safari 48.

Tope kavu lina mayai ya minyoo yaliyo hai. Lirundikwe, lifunikwe mvua isilifikie, likae mwaka mzima kwa joto letu kabla ya kwenda shambani. Asipewe mkulima likitoka tu, hata akija na lori lake.

Usalama: gamba la juu la tope hudanganya, linaonekana limekauka na chini ni uji wa mita mbili. Hakuna kutembea juu yake. Chemba na bwawa lililofunguliwa vinatoa salfaidi, ambayo kwa kiwango kikubwa inaua uwezo wa kunusa kabla ya kuua mtu, kwa hiyo "sisikii harufu" si ushahidi wa chochote. Kipima gesi kwanza, kamba kiunoni, mtu juu.

Kuhusu muda. Kwa mji wa masika na vuli, pimeni taulo Aprili, zabuni iwe imefungwa Mei, bwawa lifungwe Juni mwanzoni mvua zikikatika. Julai na Agosti tope linakauka, Septemba linazolewa na sakafu inakaguliwa. Bwawa lirudishiwe maji kabla ya mvua za Oktoba, na msilijaze maji matupu: bakizeni sehemu ya tope la zamani, kama asilimia 10, chini kabisa, liwe mbegu ya bakteria. Bila mbegu hiyo litanuka wiki kadhaa, na wananchi watakuja kwenye kikao chako kudai lifungwe.

#10 FundiChemba

Mheshimiwa, kabla ya Juni mwambie pia mhandisi akague vali ya kufungia bwawa pacha. Zikikaa miaka bila kuzungushwa zinashika kutu, na siku ya kazi mnagundua bwawa haliwezi kufungwa. Zizungushwe mara moja kwa mwezi, hadi mwisho na kurudi, na grisi.